Saa Hii ni ya Nani?

Ndugu msomaji, kuna daftari moja ambalo mwenye kuliandika ndiye karani, ndiye shahidi, na siku mambo yakiharibika ndiye mshitakiwa. Ni daftari la rubani. Wenyewe wanaliita logibuku. Kila safari ya ndege ina mstari wake humo: tarehe, aina ya ndege na namba zake za usajili, kutoka wapi hadi wapi, muda uliotumika, na nani alikuwa na dhamana ya ndege. Mwanafunzi analianza na somo lake la kwanza la angani, na analibeba mpaka anastaafu. Nataka tulijadili daftari hili hapa, katika jarida la watu wa kalamu, kwa sababu swali lililomo ndani yake linatuhusu hata sisi ambao hatujawahi kushika usukani wa ndege. Swali lenyewe ni hili: saa ya kazi inakuwa yangu kwa haki lini?

Tuanze na kanuni, maana bila kanuni tutabaki kupiga soga. Chimbuko lake ni Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ule uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Kiambatisho cha kwanza cha mkataba huo kinahusu leseni, na kanuni za Tanzania, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, zinafuata misingi hiyohiyo. Muda wa safari unahesabiwa tangu ndege inaposogea kwa mara ya kwanza kwa nia ya kuruka, hadi inaposimama kabisa mwisho wa safari. Umeyaona maneno hayo, "kwa nia ya kuruka"? Ukiwasha injini ukakaa robo saa unaipasha moto huku unasoma ramani, robo saa hiyo si yako. Ukifunga mkanda ukangoja mvua ipite, si yako. Lakini ndege ikishaanza kutambaa kuelekea njia ya kurukia, hata kama magurudumu bado yako chini, saa imeanza. Madaftari mengine yanaandika saa na dakika. Mengine yanaikata saa mafungu kumi, kila fungu dakika sita.

Sasa, mwanafunzi ambaye hajapata leseni ana aina mbili tu za saa. Ya kwanza ni saa ya kufundishwa, yaani mkufunzi aliyeidhinishwa yumo ndani ya ndege anafundisha. Ya pili ni saa ya peke yake, na hapo kanuni haina masihara: peke yake maana yake hakuna binadamu mwingine ndani ya ndege. Mkufunzi akikaa kimya saa nzima, mikono magotini, bado hukuruka peke yako. Na hiyo ya peke yako huigusi mpaka mkufunzi akuruhusu.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba saa moja inaweza kuingia katika madaftari mawili kwa majina tofauti. Mwanafunzi anaandika: nilifundishwa. Mkufunzi wake, kwa safari ileile, anaandika: nilikuwa na dhamana ya ndege. Wote wawili wamesema kweli. Na kama nyuma alikaa mwanafunzi wa tatu, akatazama kila kitu, akajifunza pengine kuliko yule aliyeshika usukani, huyo haandiki kitu. Sifuri. Daftari haliulizi umejifunza nini. Linauliza ulikuwa nani ndani ya ndege.

Ili apate leseni ya rubani binafsi, ile ya chini kabisa, mwanafunzi anatakiwa kufikisha saa 40, au 35 kama kozi yake nzima ni ya chuo kilichoidhinishwa. Kati ya hizo, zisizopungua 10 ziwe za peke yake, na ndani ya 10 hizo, 5 ziwe za safari za mbali, mojawapo ikiwa ya kilomita 270 au zaidi pamoja na kutua na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti.

Mimi ni mtoto wa Kasulu, na kanuni hiyo nikiisoma naichora kwenye ardhi yetu. Ruka kutoka Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, panda hadi Kasulu: yapata kilomita 60 kwa mstari ulionyooka. Toka Kasulu uende Kibondo: kama 130. Toka Kibondo urudi Kigoma: 180 na ushei. Jumla inafika kama 370, kiasi cha saa mbili kwa ndege ndogo kama Cessna 172. Pembetatu hiyo ya Buha inatosha kabisa kutimiza sharti. Lakini mwanafunzi afungue macho, maana akitoka Kasulu kwenda Kibondo mkono wake wa kushoto kuna Burundi, na mwanafunzi aliye peke yake haruhusiwi kuvuka mpaka wa nchi bila makubaliano maalumu ya nchi zinazohusika. Aidha, asidhani nyanda za juu ni sawa na pwani. Kasulu na Kibondo ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Mchana wa jua kali, hewa ya huko ni nyepesi; injini inapungua nguvu, mbawa zinashika hewa kidogo, na ndege iliyojaa mizigo inakula njia ndefu kabla ya kukubali kuondoka chini. Kiangazi kuna moshi wa mioto ya nyika, unaweza usiuone mlima ulio mbele yako. Masika kuna mawingu yanayofunga ghafla. Mambo haya yamo vitabuni, naam, lakini mwili unayajua kwa kuyakalia saa.

Rafiki yangu mmoja, mtoto wa Kibondo, alikwenda kusomea urubani katika chuo kimoja nje ya nchi. Baba yake aliuza shamba na ng'ombe. Si unajua mambo ya kwetu: mtu akiuza ng'ombe kwa ajili ya mtoto, kijiji kizima kinajua, na kijiji kizima kinangoja ndege. Kule kila saa ina bei: ndege, mafuta, mkufunzi. Jamaa alipofikisha saa 29, mshiko ukakata. Akarudi nyumbani kusubiri, na usiku mmoja tulikesha Kasulu tunabishana mpaka chai ikapoa.

Aliniambia kule kuna vijana waliomaliza saa zao kwa kalamu. Umeruka saa moja na dakika sita, unaandika moja na nusu. Umeruka na mkufunzi, unaandika peke yako. Utani wenyewe ni wa siku nyingi kwa marubani: Marekani ilikuwa na ndege ya kivita iliyoitwa P-51 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kulikuwa na kalamu maarufu ya Parker iliyoitwa 51. Basi saa za uongo zikapewa jina la P-51, maana zimerushwa na kalamu. Sisi mitaani tuna neno fupi zaidi: usanii.

Yeye alikuwa hajaandika uongo wowote. Lakini alikuwa na hoja, na hoja yake ilinikaa kooni.

"Mshikaji, hebu niambie," alisema. "Hiyo 40 imetoka wapi? Nani alipima akaona mwenye 39 ni hatari na mwenye 40 ni salama? Mimi natua vizuri kuliko jamaa wawili waliokwisha pata leseni. Nikiandika kumi na moja ambazo sikuruka, nimemwibia nani?"

Tusimjibu haraka kwa methali. Hoja yake ina uzito. Kanuni yenyewe inakiri kwamba 40 inaweza kuwa 35, kutegemea umefundishwa wapi. Kwa leseni ya biashara ni saa 200, lakini kwa kozi iliyoidhinishwa ni 150. Ni wazi kwamba hizi ni namba walizokubaliana watu mezani. Na Marekani walipata funzo la ajabu zaidi. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na mji wa Buffalo, wakafa watu 50. Bunge lao likapitisha sheria mwaka 2010, na kuanzia 2013 marubani wa mashirika ya abiria wakatakiwa kuwa na saa 1,500 kwa kawaida. Lakini marubani wote wawili wa ndege ile iliyoanguka walikuwa tayari wana zaidi ya saa 1,500! Kwa hiyo rafiki yangu ana haki ya kusema namba si ujuzi. Mtu anaweza kuruka saa elfu akirudia saa moja ileile mara elfu.

Mimi nilimjibu hivi. Tukubali kwamba 40 ni namba ya kukubaliana. Sentensi iliyo kwenye daftari haisemi "mimi ni hodari". Inasema "tarehe fulani, nilitoka pale nikaenda pale, nikiwa peke yangu". Sentensi hiyo ni kweli au si kweli, haina makubaliano. Namba tunaweza kuipinga hadharani, tukaandika, tukapeleka hoja ishushwe. Lakini anayeandika saa hewa hajaipinga namba. Ameikubali kabisa, ndiyo maana anataka ionekane ameifikia. Kama kweli unaamini 29 zinatosha, simama na 29 zako useme zinatosha. Ukiziandika 40 umekiri mwenyewe kwamba hazitoshi.

Akanigeuzia kibao. "Wewe unahubiri kwa sababu hukuuziwa shamba. Mtoto wa tajiri akifeli somo analipiwa saa nyingine tano. Mimi nikifeli, ng'ombe ameliwa. Hapo ukweli ni anasa, ndugu yangu."

Hili ndilo gumu. Sisi wa Kasulu na Kibondo tumekua tukiona njaa inavyobishana na ukweli. Wakimbizi wa Burundi walipomiminika baada ya mauaji ya mwaka 1993, na Wakongo walipofunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996, na Warundi tena walipokuja kuanzia 2015, maisha ya maelfu ya watu yalining'inia kwenye kipande cha karatasi, kadi ya mgao. Tuseme mama mwenye watoto wanne anasema ana watano, ili unga ufike mwisho wa mwezi. Je, tumwite mwongo, na rubani wa kalamu tumwite mwongo, tuwaweke kwenye mizani moja?

Mimi siwezi. Na nimejiuliza sana kwa nini siwezi, maana kama ni maneno, yote ni maneno yasiyo kweli yaliyoandikwa kwenye karatasi rasmi. Nadhani tofauti iko kwa anayelipa. Uongo wa yule mama unalipwa kwa unga, na mwenye unga ana nafasi ya kuhesabu upya; anaweza kuja na daftari lake akapanga watu mstari. Sisemi ni haki, maana unga wa ziada kwake ni unga pungufu kwa mwingine. Lakini deni lake linahesabika na linaweza kulipwa. Uongo wa rubani unalipwa na mtu ambaye hakuulizwa. Miaka yote hiyo ndege ndogo za misaada zilikuwa zinatua Kibondo na Kasulu, zikileta watu na dawa. Fikiria mgonjwa anayebebwa kwa machela hadi mlango wa ndege. Haulizi "rubani, nione daftari lako". Hata angeulizia asingejua kulisoma. Anapanda kwa sababu anaamini kuna mtu mahali fulani aliyekwisha kulisoma kwa niaba yake, na mtu huyo naye aliamini kilichoandikwa. Mnyororo mzima wa imani unaishia kwa kijana mmoja na kalamu, jioni, chumbani, bila shahidi.

Ni kweli kwamba kuna vizuizi. Saa za mafunzo zinahitaji sahihi ya mkufunzi, ndege nayo ina kitabu chake, na mafuta yana hesabu zake; mkaguzi akiweka vitabu hivyo pamoja, usanii unaweza kuonekana. Lakini kwenye viwanja vidogo vya vumbi visivyo na mnara wa kuongozea ndege, mashahidi ni mbuzi na watoto waliokuja kushangaa.

Na uongo huo hauishii kwa aliyeuandika. Juni 2020, waziri wa usafiri wa anga wa Pakistan aliliambia Bunge lake kwamba marubani 262 kati ya 860 wa nchi hiyo walikuwa na leseni zenye mashaka. Tuhuma kubwa ilikuwa kwamba hawakufanya mitihani wenyewe. Baadaye ilibainika kwamba si wote walikuwa na hatia. Lakini maji yalikuwa yamemwagika. Ulaya ililifungia shirika la taifa la Pakistan kuanzia Julai 2020, na kifungo hicho kilidumu hadi mwishoni mwa 2024. Rubani mwaminifu aliyejibu kila swali kwa kichwa chake alitazamwa kwa jicho lilelile. Samaki mmoja akioza, methali mnaijua.

Kwa hiyo nilimwambia rafiki yangu: bei ya saa ni dhuluma, sawa, tuilalamikie kwa sauti. Mtoto wa mkulima wa Kibondo kukosa leseni kwa sababu ya hela wakati ana mikono ya kurusha ndege ni jambo la kuliandikia, la kulipigia kelele. Lakini deni la dhuluma hiyo huwezi kumhamishia mgonjwa aliyelala kwenye machela.

Hakunijibu. Alimwaga chai iliyopoa, akatia nyingine.

Liko jambo la pili, na hili nawaelekezea waandishi wenzangu. Wapo wanafunzi ambao hawaongezi hata dakika moja, ila wanaona haya kuandika "nilifundishwa". Wanatamani safu ya "peke yangu" ijae haraka, kana kwamba saa ya kufundishwa ni saa ya utoto. Lakini kanuni haiihesabu kwa nusu. Inaingia kwenye jumla nzima nzima, sawa na ile ya peke yako. Anayeona haya ni yeye tu.

Na ukiichunguza sana hiyo "peke yangu", utaona hata yenyewe imejaa watu. Mkufunzi aliyekuidhinisha. Fundi aliyekaza nati. Mzee aliyefukuza mbuzi uwanjani ili utue. Sisi Waafrika tunapenda kusema mtu ni watu, na ni kweli. Mbona basi kanuni inashikilia kwamba hizo saa 10 lazima uwe huna mtu pembeni? Nadhani ni kwa sababu kuna kitu kimoja ambacho hakifundishiki mtu akiwa kando yako, nacho ni kuamua. Wingu limefunga mbele ya Kibondo: unarudi Kasulu, au unaendelea? Mkufunzi akiwapo, hata akinyamaza, ukimya wake ni jibu. Asipokuwapo, jibu ni lako.

Kulikuwa na rubani mmoja wa Kenya, Beryl Markham, aliyepata leseni ya biashara mwaka 1933, na Septemba 1936 akavuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi hadi Kanada. Mwaka 1942 kilitoka kitabu chake, na kitabu hicho kinaanza na daftari lake la safari, akikumbuka safari ya kutoka Nairobi kwenda Nungwe, huku Tanganyika. Ajabu ni kwamba kuruka kwake hakuna anayekubishia. Lakini kitabu kilizua ubishi mpaka baada ya kifo chake: je, alikiandika mwenyewe, au kilitoka mkononi mwa mumewe, Raoul Schumacher? Mimi siamui kesi hiyo. Nasema tu kwamba safari zake zilikuwa na safu ya kuonyesha nani alikuwa ndani ya ndege. Kitabu hakikuwa nayo.

Nasi hatuna. Shairi langu likitoka hapa, juu yake kuna jina langu tu. Halionyeshi mwalimu aliyefuta beti mbili. Halionyeshi rafiki aliyenipa mwisho, wala bibi ambaye ule usemi mtamu niliuokota mdomoni mwake. Mhariri akinyoosha sentensi, sifa naipokea mimi. Sisemi tuanze kuandika saa na dakika. Nasema tuwe na adabu ya yule mwanafunzi anayeandika bila haya: hii nilifundishwa. Na ile moja niliyoamua mwenyewe, usiku, bila mtu kando, nijue ni ipi. Asiyeweza kuzitenganisha hizo mbili hajui bado anaweza nini, na siku wingu likifunga atageuka kumtafuta mkufunzi ambaye hayumo.

Rafiki yangu hakuandika zile kumi na moja. Leseni hana mpaka leo. Anaendesha lori la mahindi kati ya Kibondo na Kasulu, na baba yake bado anaulizwa na majirani ndege inakuja lini. Siwezi kuwaambia kwamba ukweli umemlipa, maana haujamlipa. Saa zake 29 ziko kabatini, zote alizikalia, na akipata hela kesho ataanzia hapo, si kwingine. Yeye anasema hilo linamtosha kulala usingizi. Wapo wanaosema ni mjinga.

Wewe msomaji uko upande gani? Kama unadhani nimemwonea mtoto wa maskini na kumhurumia mgonjwa ambaye pengine hatapanda ndege hiyo kamwe, chukua kalamu unijibu. Ila andika ulichokifikiri mwenyewe, na ulichofundishwa sema umefundishwa.